Mkanda wa Kamanda

Inspekta hakujua lolote kuhusu chakula cha paka, lakini alimjua mtu anayeuza kitu kwa haraka. Aliwakamata wengi wa namna hiyo kabla hajastaafu: wauza magari, wauza viwanja, na mmoja aliyeuza jeneza ambalo lilikuwa limekwisha kutumika. Kwa hiyo mdogo wake alipompigia simu asubuhi kumwambia kuwa amepata duka la vyakula na vifaa vya wanyama wa nyumbani, mali yote kwa mkupuo, na mwenye duka anataka jibu leo hii kabla ya kufunga, Inspekta aliiacha chai yake nusu, akavaa viatu vya kazi.

"Dada, wewe angalia mali tu," mdogo wake alimwambia nje ya duka. Alikuwa dereva wa lori tangu ujana mpaka kampuni ilipofungwa. Kiinua mgongo chake chote kilikuwa bado benki, na nyuma ya kiinua mgongo hicho alikuwepo mke, walikuwepo watoto, na kulikuwa na kodi ya nyumba. Kikipotea hakuna kingine. "Ukisema ndiyo, nalipa. Ukisema hapana, tunaenda zetu."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi moyo ulishasema jana. Ndiyo maana nimekuita wewe."

Inspekta alimsifu kimoyomoyo. Tangu utotoni mdogo wake alikuwa mtu wa kupenda kwanza na kuuliza baadaye, na angalau sasa alikuwa anajijua.

Duka lilikuwa kwenye kona, limebanwa kati ya kinyozi na mahali pa kutoa nakala. Mwenyewe aliwapokea akiwa amevaa koti jeupe. Mtaa mzima ulimwita Daktari, ingawa maisha yake yote alikuwa karani wa posta na dawa pekee aliyowahi kuandika ilikuwa anwani. Jina lilitokana na koti, na pia na tabia yake: ukimuuliza habari ya mbwa, jiandae kukaa.

"Karibuni, karibuni. Mtaniwia radhi, siwezi kuinua kitu. Mgongo wangu ulipasuliwa." Alizungusha mkono kuwaonyesha duka. "Lakini kutazama, tazameni mpaka mchoke."

Kulikuwa na cha kutazama. Magunia ya chakula cha mbwa yalipangwa mpaka karibu na dari. Upande wa pili palikuwa na vizimba vya ndege, matangi ya samaki yasiyo na maji, bakuli za bati, brashi za manyoya, na chuma kirefu kilichotundikwa mikanda ya shingoni ya kila rangi. Juu ya meza ya malipo, peke yake kwenye msumari, ulining'inia mkanda mwingine, mwekundu wa ngozi.

"Huo hauuzwi," Daktari alisema alipoona macho ya Inspekta yamefika pale. "Ni wa Kamanda, mbwa wa shemeji yangu, kaka yake mke wangu. Alikufa kwa figo. Shemeji hakuweza kuutazama nyumbani kwake, akaniletea mimi."

"Pole," alisema mdogo wake Inspekta.

"Siku ile nilifunga duka nikaenda kukaa naye."

"Ulifunga duka kwa ajili ya mbwa?"

"Kwa ajili ya shemeji. Alikuwa amejifunika uso kwa mikono, mabega yanamtetemeka. Sijawahi kumwona mwanamume analia vile."

Inspekta alinyoosha mkono akaugusa ule mkanda, kwa mazoea tu ya mtu aliyeshika vielelezo miaka mingi. Ngozi ilikuwa ngumu. Aliugeuza. Matundu yalikuwa madogo, yote sawa, hakuna hata moja lililovutwa likapanuka, na kifungo kilikuwa hakina mkwaruzo. Hapakuwa na unywele. Aliuachia ukarudi ukutani, na akaona amekasirika kidogo bila kujua anakasirikia nini.

Akaanza kazi. Alisoma tarehe kwenye magunia ya mbele, zote zilikuwa bado mbali. Akafungua mfuko mmoja mdogo kwa ruhusa, akaponda punje kiganjani na kuinusa. Ilikuwa kavu na harufu yake ilikuwa ya kawaida. Mdogo wake alimfuata nyuma akitabasamu kwa kila tarehe, mithili ya mzazi anayesomewa matokeo ya mtoto.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia mama mwenye kikapu, na ndani ya kikapu paka alikuwa anajikuna kwa hasira.

"Dawa ya viroboto imekuja?"

"Bado, mama. Ile haiendi sana, ndiyo maana sijaagiza."

"Haiendi? Kila nikija imeisha." Alifyonza, akageuka na paka wake akaondoka.

Inspekta alitazama rafu ya dawa. Ilikuwa tupu, na mbao zake zilikuwa zimechubuka kwa kutolewa vitu na kurudishiwa. Kitu kisichokwenda na kitu kinachoisha kila siku haviwezi kukaa rafu moja. Alitaka kuuliza, lakini mteja mwingine alikuwa ameshaingia.

Huyu alikuwa seremala. Hakuhitaji kusema, unga wa mbao ulikuwa umemkaa mpaka kwenye nyusi. Aliagiza gunia kubwa la chakula cha mbwa, na Daktari akachangamka hata mgongo ukanyooka.

"Umepotea wewe. Sultani hajambo?"

"Nani? Aa, Sultani. Hajambo."

"Bado anaogopa radi?"

Seremala alifikiri. "Ameizoea."

"Ameizoea? Mbwa haizoei radi hivi hivi. Mlifanyaje?"

"Tuli... tulimzoesha pole pole."

"Ni mkubwa kiasi gani, huyo Sultani?" Inspekta aliuliza kwa sauti ya mtu anayepitisha muda.

Seremala aliweka mkono usawa wa goti. Kisha akamtazama Daktari, akatazama na ukubwa wa gunia, na mkono ukapanda mpaka kiunoni. Alilipa bila kusubiri chenji, akajitwika gunia begani na kutoka. Inspekta aliona pembe moja ya gunia imetobolewa na panya na kuzibwa kwa uzi wa bluu, mishono midogo ya kupendeza, kazi ya mkono unaojua sindano. Aliona pia kwamba shati la seremala lilikuwa na kila kitu cha dunia isipokuwa unywele wa mbwa.

"Umeona, dada?" mdogo wake alimnong'oneza. "Biashara ipo."

"Kama ipo, kwa nini anauza?"

Alikusudia Daktari asisikie, lakini alisikia, akavua miwani akaanza kuifuta kwa ncha ya koti.

"Hata mimi sielewi, Inspekta. Mwanzoni chakula cha mbwa kilikuwa kinatoka mpaka naagiza kingine kabla cha kwanza hakijaisha. Halafu pakawa kimya, kana kwamba mtu amezima taa. Wateja wangu wale wale, watu wazuri, najua mbwa wao kwa majina, wakaacha kuja. Huyu seremala leo ni wa kwanza baada ya muda mrefu. Nimejiuliza nimemkosea nani, sijapata jibu."

Inspekta alimkazia macho. Aliujua uongo wa kila aina, na huu haukuwa mmojawapo. Jambo hilo lilimchanganya zaidi, kwa sababu aliyetoka sasa hivi alikuwa amedanganya tangu salamu. Mteja mwongo na muuzaji mkweli! Kwa kawaida ni kinyume chake.

"Nisaidie hapa," alimwambia mdogo wake.

Walishusha magunia ya safu ya mbele, kisha ya safu ya pili. La nyuma kabisa lilipofika sakafuni, tarehe yake ilikuwa imekwisha kupita. Alitia kisu kwenye mshono. Harufu iliyotoka ilimrudisha mdogo wake hatua nyuma, harufu nzito ya mafuta yaliyochacha. La pembeni yake lilikuwa vile vile, na jingine pia.

"Haiwezekani," Daktari alisema. "Nilikuwa nauza kila siku. Ya nyuma yanakuja mbele, mapya yanakwenda nyuma."

"Nani anayapanga?"

"Mke wangu. Tangu mgongo huu, mimi stoo siingii. Yeye hupanga jioni, na ndugu zake humsaidia kubeba."

Inspekta alisimama katikati ya duka, mikono kiunoni. Gunia la mbele likiuzwa, la nyuma husogea. Yale ya nyuma hayakusogea tangu yafike, basi ya mbele hayakuuzwa. Lakini yeye mwenyewe alikuwa ameona moja likilipiwa, likabebwa, likatoka mlangoni. Macho yake yalikuwa yanapingana na pua yake, na katika miaka yote ya kazi hakuwahi kuona mashahidi hao wawili wakigombana. Wazo la kwanza lilikuwa la kipolisi: Daktari ni mwigizaji hodari, amekodi wateja ili kumnasa mdogo wake. Lakini mwigizaji gani anauliza habari za radi? Aliyekodi wateja hahitaji kujua kama mbwa wao wanalala vizuri.

"Choo kiko wapi?" aliuliza.

"Nyuma, pitia stoo. Angalia kichwa, pana boriti."

Stoo ilikuwa na mwanga wa dirisha moja. Mlango wa uchochoroni ulikuwa wazi, na kando yake gunia lilikuwa limeegemezwa ukutani. Inspekta aliinama. Pembe ya gunia ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa bluu, na juu yake palikuwa na unga wa mbao wenye umbo la bega.

"Nani amekuruhusu kuingia huku?"

Mwanamke alikuwa ametokea uchochoroni. Tepu ya kupimia nguo ilimning'inia shingoni, na kwenye sketi yake vipande vya uzi wa bluu vilikuwa vimeng'ang'ania.

"Wewe ni mke wa Daktari," Inspekta alisema. "Na wewe ni fundi cherehani."

"Nilikuwa."

"Seremala ni nani wako?"

Mwanamke alitazama gunia, akatazama mlango wa dukani, akaurudisha polepole mpaka ukafunga. "Binamu," alisema.

"Ana mbwa?"

"Anaogopa hata kuku."

"Wengine je, wale wateja wazuri?"

"Binamu, wajomba, majirani wawili. Na kaka yangu." Alikaa juu ya gunia kwa uchovu, kama mtu aliyebeba yote mwenyewe. "Dada, usinitazame hivyo. Alipostaafu posta alifungua duka hili kwa furaha, ungemwona. Akakaa humo siku baada ya siku, hakuna anayenunua magunia yake. Watu walitaka dawa ya viroboto, kamba ya mbuzi, vitu vidogo vidogo. Akaacha kula. Akirudi anakaa gizani, hasemi. Nikampa kaka yangu hela ya ushonaji nikamwambia, nenda ukanunue gunia moja. Siku hiyo mume wangu alirudi nyumbani anapiga mluzi."

"Ukampa tena."

"Ningefanyaje? Kila gunia lilipouzwa, yeye aliagiza mengine. Mapya yakija, mimi nayaweka palipo na nafasi, mbele. Sikujua kuna utaratibu. Ya nyuma sikuyafikia tena."

"Na wateja walikoma ulipouza cherehani, hela ya ushonaji ikaisha."

Mwanamke aliinua uso kwa mshangao. "Nani kakwambia?"

"Umesema ulikuwa fundi, na tepu bado iko shingoni." Inspekta alipaswa kufurahi. Uzi wote ulikuwa umekunjuka mkononi mwake, kila fundo limefunguka. Badala yake alihisi hasira, na safari hii aliijua inakotoka. "Sasa nijibu moja. Leo hela huna. Seremala amekuja kwa ajili ya nani?"

Mwanamke alinyofoa uzi kwenye sketi.

"Kwa ajili ya mdogo wangu. Ulijua mnunuzi anakuja."

"Niliazima. Nilitaka mali iondoke na heshima yake. Aamini aliuza duka lililokuwa hai."

"Na watoto wa mdogo wangu wangekula heshima hiyo na nini? Yule ana kiinua mgongo kimoja tu, mama. Hana kingine. Ungempakia magunia yaliyochacha ili mume wako apige mluzi."

Mwanamke alijifuta macho kwa ncha ya tepu. "Nimekosa, dada. Kila siku nilisema kesho nitamwambia. Kesho haikufika."

Mlango ukalia. Daktari alikuwa amesimama kizingitini na tochi mkononi. Alikuwa ameileta kwa ajili ya mgeni, kwa sababu ya ile boriti. Nyuma yake alichungulia mdogo wake Inspekta. Daktari hakuwa amesikia kitu. Alikuwa anatazama uzi wa bluu.

"Hilo si gunia la seremala?" aliuliza. "Amelirudisha? Sultani hakulipenda?"

Inspekta aliwahi kupeleka habari za misiba kwenye nyumba nyingi, na kila mara alizisema haraka ili zisimuume mtu mara mbili. Hii haikuwa yake kuisema. Alimtazama mke.

"Mume wangu," mke alisema, "hakuna Sultani."

"Amekufa?"

"Hajawahi kuwepo. Ni mimi niliyekuwa nanunua. Magunia yalitoka mbele yakarudi kwa mlango huu."

Daktari alizima tochi, akaiwasha, akaizima tena. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamshwa katika nyumba asiyoijua.

"Na yule wa fundi bomba, anayekula viatu?"

"Hayupo."

"Yule mwenye watoto, nikampelekea blanketi?"

"Blanketi lipo. Mbwa hayupo."

Daktari alitupa macho nyuma, dukani, na wote wakajua swali linalokuja, akiwemo dereva wa lori ambaye alikuwa bado haelewi nusu ya mambo.

"Kamanda?"

"Kaka alichoka kubeba magunia," mke alisema kwa sauti ndogo. "Alisema akimuua mbwa atapumzika."

"Alikuwa analia. Nilikaa naye. Mabega yalikuwa yanamtetemeka."

"Alikuwa anacheka, baba. Alijifunika uso usimwone. Baadaye alilia kweli, ulipoondoka. Alisema hajawahi kumfanyia mtu ubaya kama ule."

Daktari aligeuka akarudi dukani. Wakamfuata, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kufanya. Alizunguka meza ya malipo, akafunga vifungo vya koti lake mpaka cha juu.

"Dada," mdogo wake alimvuta Inspekta mkono. "Kwa hiyo tunasemaje?"

Inspekta alifungua kinywa, lakini Daktari alimtangulia.

"Usinunue, kijana. Ya mbele ni mazima, ya nyuma ni sumu, na mimi mwenyewe sijui mpaka wake uko wapi. Nilikuwa nakuuzia kitu nisichokijua." Alimtazama mke wake aliyesimama mlangoni pa stoo. Hakukuwa na hasira usoni mwake bado. Pengine ingekuja kesho. "Jioni utanionyesha yote, hata kama mgongo utakatika."

"Nitakuonyesha."

"Inspekta." Aligeuka tena. "Wewe umetazama kwa jicho la kazi. Katika watu wote walioingia humu, yupo wa kweli hata mmoja?"

"Yule mama wa paka," Inspekta alisema. "Ule mkuno haukuwa wa kuigiza. Na hao wa dawa ya viroboto wote, ambao hukuwaagizia kwa sababu hawakukusimulia habari za mbwa wao."

Daktari alitikisa kichwa kukubali, taratibu, mara kadhaa. Kisha alinyoosha mkono, akautoa mkanda mwekundu msumarini. Aliukunja, akaukunjua, akapitisha kidole gumba juu ya matundu moja baada ya jingine, kama Inspekta alivyofanya asubuhi. Aliona alichokiona Inspekta. Akavuta droo, akatoa kibandiko cha bei, akakibandika kwenye ngozi na kukikandamiza vizuri ili kisibanduke.

"Huu ni mpya," alisema. "Haujavaliwa."

Akauendea ule mstari mrefu wa mikanda, akaisogeza mingine, akautundika katikati yao.